Gari bila shofa: mwenye kuichunga kutoka mbali aone nini?

Huko Japani, katika muji mudogo wa Eiheiji, kuko vigari vya abiria vinavyotembea bila shofa tangu Mei 2023. Vinakwenda polepole, kilometa 12 kwa saa, kwenye njia ya kilometa 2 hivi. Ndani hakuna wa kushika usukani. Lakini mbali na hapo kuko mutu mumoja mbele ya ekrani, anachunga vigari vitatu kwa mara moja.

Sasa, ekrani imuonyeshe nini? Wengi watajibu: yote. Na hapo ndipo shida inaanzia.

Mwaka wa 1948 mutafiti wa Uingereza, Norman Mackworth, alionyesha kwamba mutu akikodolea macho kitu kinachojirudia vilevile, nusu saa tu ikipita anaanza kukosa alama ndogo. Hajalala, ila uangalifu wake umepungua.

Juu ya hiyo, ekrani nzuri inatulia wakati mambo ni sawa. Gari ikipata shida, picha yake inakuja mbele, kubwa, na maneno machache: iko wapi, imesimama juu ya nini, ndani kuko abiria wangapi. Na kwa sababu muchungaji alikuwa anaangalia gari ingine, arudishiwe kwanza sekunde chache zilizopita, ndipo aamue. Kengele nayo isilie ovyo. Ikilia kila mara, hakuna atakayeisikia.

Kisha kuko umri wa picha. Gari ya kilometa 36 kwa saa inapita mita 10 kila sekunde. Mutandao ukichelewesha picha nusu sekunde, gari imekwisha kusogea mita 5 mbele ya ile unayoiona. Ekrani iseme wazi picha imechelewa kiasi gani, na ikikwama, iseme imekwama.

Lakini kutulia kwa ekrani kuko na hatari yake. Oktoba 2023, kigari kimoja cha Eiheiji kiligusa baiskeli iliyosimamishwa, bila mutu juu yake. Hakuna aliyeumia, lakini kazi ilisimama mpaka Machi 2024. Mashine haikuitambua baiskeli ile kuwa kizuizi, na kengele haiwezi kulia kwa kitu ambacho mashine haikuona. Kwa hiyo picha ya barabara isifichwe hata siku moja: jicho la mutu ndilo linabaki la mwisho.