Miliampea Moja, Miligramu Nne za Fedha

Mwaka 1908, wanasayansi waliokutana London waliamua kuupima umeme kwa madini ya fedha. Ampea moja ikawa ni mkondo usioyumba ambao, ukipitishwa kwenye maji yenye nitrati ya fedha, hugandisha gramu 0.001118 za fedha kila sekunde. Msingi wa hesabu hiyo aliuweka Michael Faraday katika miaka ya 1830: madini huhama kwa kadiri umeme unavyopita.

Hesabu hiyohiyo hutawala bilauri ya mtu anayejitengenezea nyumbani "maji ya fedha" ya kunywa kama dawa. Fito mbili za fedha safi hutumbukizwa kwenye maji yaliyokenekwa na kuungwa na betri. Kwenye ufito wa upande chanya, kila atomu inayotoka huacha elektroni moja na kuingia majini ikiwa ioni. Upande hasi hutoa viputo vya haidrojeni. Miliampea moja ikipita kwa saa nzima, hung'oa takriban miligramu 4 za fedha.

Taabu ni kwamba mkondo wenyewe hautulii. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, hivyo mwanzoni mita ya mkondo husoma kidogo mno. Ioni zinapoongezeka umeme unapata njia, mkondo unapanda, unang'oa ioni nyingine, nazo zinazidi kuupandisha. Pasipo rezista au kifaa cha kuuzuia, nyuzi za kijivu huanza kuota kwenye ufito hasi, ule chanya hupata weusi, na vumbi zito huzama chini. Mkondo ukibanwa uwe mdogo, maji hubaki angavu. Yakigeuka manjano hafifu, jua kuna chembe za nanomita chache tu zinazomeza mwanga wa zambarau na bluu. Na ukitumia maji ya bomba, kloridi iliyomo hunasa ioni na bilauri nzima hupata ukungu mweupe.

Mita basi inaeleza fedha iliyong'oka. Kiasi gani kimebaki ioni, kiasi gani kimekuwa chembe, kiasi gani kimeganda upande wa pili, haiwezi kusema, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya kuyanywa maji haya. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa zenye fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu.

Mwaka huohuo Stan Jones, mwanasiasa wa jimbo la Montana, alianza kujitengenezea maji ya fedha, akihofia kwamba kompyuta zikigoma mwaka 2000 dawa za kuua bakteria zingeadimika. Alipogombea useneti mwaka 2002, ngozi yake ilikuwa na rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu. Fedha iliyomezwa hujikusanya kwenye ngozi, na mwanga wa jua huzigeuza ioni zake kuwa chembe za metali, kama ilivyokuwa kwenye filamu za kamera za zamani. Kuacha kunywa hakuirudishi rangi ya awali.