Mbiu ya Mgambo Mwilini

Siku moja tulipokuwa tukifyeka majani nyuma ya bweni, mwenzetu mmoja aliumwa na nyuki. Nyuki alikuwa mmoja tu, nasi tukacheka. Lakini hazikupita dakika nyingi, mwenzetu akaanza kuwashwa mwili mzima, midomo ikavimba, pumzi ikawa ya shida, kisha akaanguka. Tukambeba mbio hadi dispensari. Mganga hakuuliza maneno mengi. Alivuta katika sindano dawa ya kiasi cha nusu mililita, akamchoma pajani upande wa nje. Robo saa haijaisha, mwenzetu alikuwa akipumua vema na kutuuliza tumeliacha wapi panga lake.

Dawa ile huitwa adrenalini. Je, dawa kidogo namna ile yawezaje kumrudisha mtu kutoka mlango wa kaburi?

Wazee husema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia kijijini, huyu hushika mkuki, yule hukusanya watoto, mwingine hufunga ng'ombe zizini. Sauti ni moja, kazi ni mbalimbali. Mwilini mwetu namo mna mbiu. Tukipatwa na hofu, mishipa ya fahamu iitwayo ya simpathetiki, ambayo haingoji amri yetu, hupeleka habari mara moja, na tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo ukiisikia hupiga upesi na kwa nguvu. Njia za pumzi hupanuka. Mishipa ya damu ya ngozi na ya matumbo hujibana, ili damu nyingi iende kwenye misuli.

Mwaka 1894, huko London, George Oliver na Edward Schäfer walionyesha kwamba maji yaliyotolewa katika tezi hizo, yakitiwa katika damu ya mnyama, hupandisha sana msukumo wa damu yake. Mwaka 1901 Jokichi Takamine, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba ameipata adrenalini safi. Tangu hapo waganga wakaweza kuipiga mbiu hiyo wenyewe.

Sasa tumrudie mwenzetu. Miili ya watu wengine, ikiisha kuonja sumu ya nyuki hapo awali, huichukia kupita kiasi. Mishipa ya damu hulegea na kuvuja maji, msukumo wa damu huanguka, na njia za pumzi huziba. Adrenalini huyapindua yote hayo: hukaza mishipa, hutia moyo nguvu, na kufungua njia za pumzi. Haifai kumezwa, maana huharibiwa tumboni na katika ini kabla ya kufanya kazi. Tena nguvu yake haidumu. Kwa hiyo mganga aweza kuirudia baada ya dakika 5, na mgonjwa hukaa akiangaliwa kwa saa kadhaa.

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist wa Marekani alieleza kwamba viungo haviisikii mbiu hii kwa sikio la namna moja. Yako masikio, yaani vipokezi, vya alfa, ambavyo hukaza mishipa ya damu. Na viko vya beta, katika moyo na njia za pumzi. Mwaka 1967 ikaelezwa kwamba vya beta navyo ni namna mbili: vya kwanza hasa vya moyo, vya pili hasa vya mapafu.

Habari hii ni kubwa kwa mwenye pumu, kwa kuwa yeye ataka njia za pumzi zifunguke, si moyo uende mbio. Dawa ya zamani, isoprenalini, iliita moyo na mapafu pamoja. Katika miaka ya 1960 vifo vya pumu viliongezeka Uingereza, na wachunguzi wengi walilaumu dawa hiyo ya kuvuta iliyotengenezwa kwa nguvu nyingi mno. Salbutamoli, iliyoanza kutumiwa mwaka 1969, huita zaidi mapafu. Hata hivyo ukiizidisha, moyo nao husikia: hudunda, na mikono hutetemeka.

Basi tukumbuke kwamba mbiu huita watu, haimwui adui. Salbutamoli hufungua njia ya pumzi, lakini haiondoi uvimbe uliomo ndani yake. Ewe mwenye pumu, ukiona dawa iliyokuwa ikikutosha kwa saa 4 sasa haikutoshi hata saa 1, usidhani dawa ni ya kuongeza tu. Nenda hospitali upesi, maana adui amekaribia.

Mwenzetu yu mzima, naye huwaambia wote anaofuatana nao habari ya nyuki. Sisi nasi hatucheki tena.