Mlango Usio na Bawabu

Kijana aliyewahi kuomba chuo anazijua shurti zake: vyeti vya shule, nakala zilizogongwa muhuri na wakili, ada ya maombi isiyorudi, kisha wiki kadhaa za kusubiri majina yatoke. Akifungua ukurasa wa cheti cha kitaaluma cha uchambuzi wa data kilichoandaliwa na Google na kutolewa kupitia Coursera, hakuti hata kimoja kati ya hivyo. Haulizwi alama ya hesabu, wala hadaiwi shahada au uzoefu wa kazi. Anaandika jina na barua pepe, anaweka kadi ya benki, na somo la kwanza linaanza.

Jina hilo aliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, kwa sababu ndilo litakalotokea kwenye cheti.

Cheti hiki kilizinduliwa Machi 2021 kikiwa na kozi nane. Mwanafunzi anayetenga saa 10 kwa wiki hukadiriwa kumaliza kwa takriban miezi sita. Nchini Marekani hulipiwa dola 49 kwa mwezi, na kwingineko bei hutofautiana. Anayejiunga aangalie sana neno hilo, mwezi. Halipii kozi, analipia muda. Kwa bei ya Marekani, miezi sita ni dola 294. Akisuasua hadi miezi kumi, ni dola 490, na bando la intaneti bado halijahesabiwa.

Kwa asiyemudu ada hiyo ipo njia nyingine, ila imeandikwa kwa herufi ndogo karibu na kitufe cha kujiandikisha, na ni rahisi kuipita bila kuiona. Ni msaada wa ada. Hapo ndipo kuomba kwa maana halisi kunapoanza. Mwombaji hueleza elimu yake, kipato chake na sababu ya kutaka kusoma, kisha husubiri jibu kwa takriban wiki mbili. Kila kozi huombewa peke yake, kwa hiyo mwenye mpango mzuri hutuma ombi la kozi ya pili akiwa bado anasoma ya kwanza.

Maelezo yenyewe yanataka ukweli ulio wazi. Kusema tu kwamba mtu anapenda teknolojia na anataka kubadili maisha yake hakumwelezi msomaji lolote. Karani wa duka la dawa anayeandika kwamba anajaza daftari la mauzo kila jioni, kwamba mshahara wake unaishia kwenye kodi ya chumba na karo ya mdogo wake, na kwamba anataka kujua dawa ipi huisha mwezi gani, amekwisha kujieleza.

Ndani ya kozi, hakuna anayembembeleza mwanafunzi. Masomo ni ya Kiingereza. Huanza na namna ya kuuliza swali, kisha kukusanya data, kuisafisha, kuichambua na kuionyesha kwa michoro. Vifaa ni lahajedwali, lugha ya SQL ya kuzungumza na hifadhidata, Tableau ya michoro, na lugha ya R. Kusafisha ndiko kunakochosha zaidi: tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu, majina yaliyojirudia, nafasi zilizoachwa wazi.

Kozi ya nane ya mpango huo wa awali ni kazi ya mwisho, na mojawapo ya kazi mashuhuri inahusu kampuni ya kubuni ya baiskeli za kukodi huko Chicago. Kampuni ni ya kubuni, lakini data ni ya kweli, kutoka mfumo wa Divvy wa jiji hilo. Swali ni fupi: wanachama wa mwaka na wapanda baiskeli wa siku moja moja wanatofautianaje? Mwanafunzi hupakua safari za miezi 12 na kujaribu kuziunganisha kwenye Excel. Hapo hukwama. Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576 tu, na safari za mwaka 2022 pekee zilizidi milioni 5. Ndipo anapoelewa kwa nini alifundishwa SQL.

Isisahaulike kwamba cheti hiki si stashahada. Anayehitaji sifa ya kuajiriwa kama mtakwimu serikalini anafaa zaidi kuomba chuo, kama Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kilichopo Dar es Salaam. Katika ofisi binafsi, cheti husaidia kufungua mazungumzo tu. Kinachofuata ni ombi la kuonyesha kazi. Hapo baiskeli za Chicago hazimtofautishi mtu na wengine, kwani wenzake waliosoma mpango huohuo wanazo pia. Karani yule wa duka la dawa ana daftari lake. Akilihamishia kwenye lahajedwali, akalisafisha, akachora mauzo ya dawa za malaria mwezi kwa mwezi kando ya misimu ya mvua, atakuwa amebeba mezani kitu ambacho mwajiri hajawahi kukiona.