Siku mbili ku Lubumbashi na watoto wadogo: namna ya kupanga mapumziko yasiyochosha



Wengi kati yetu tulimaliza masomo, tukapata kazi, tukaoa ao kuolewa, na sasa kuko watoto nyumbani. Wengine mngali wanafunzi, lakini tayari ni wajomba, ni tantini, ni wakubwa wa familia. Leo ninapenda tuzungumze jambo moja ambalo hakuna profesa anafundisha mu auditware: namna ya kupanga mapumziko mafupi mu mji, siku mbili ao tatu, pamoja na watoto wadogo, bila kurudi nyumbani umechoka kuliko vile ulienda.

Najua kuko mwenye atasema: «Ile ni mambo ya bazungu.» Ngoja kwanza. Mimi ninafanya kazi ya migodi upande wa Lualaba, kazi ya rotasyo: wiki nyingi kambini, kisha siku chache nyumbani ku Kolwezi. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka mitano, wa pili ana miaka miwili na nusu. Kwa yule mdogo, papa ni sauti ya mu simu. Na zile siku chache za nyumbani zinaliwa na matanga, na mikutano ya familia, na wageni, na bomba la maji lenye kuharibika. Siku ya kurudi kambini inafika na mtoto hajakaa na baba yake saa moja nzima. Njo maana mimi siite mapumziko haya anasa. Ninayaita deni, na deni linalipwa kwa mpango.

Kanuni ni moja: kitu kimoja kwa siku

Sisi wasomi tunapenda programu. Tunaandika: asubuhi zoo, kisha makumbusho, kisha kula, kisha soko, kisha kusalimia familia, mangaribi mtaani. Kwa mtu mkubwa ile ni siku nzuri. Kwa mtoto wa miaka mitatu ile ni mateso, na mateso ya mtoto yanageuka mateso ya kila mtu mu gari.

Sababu yake ni ya mwili, si ya tabia mbaya. Shirika la Afya Duniani, mu maelekezo yake ya 2019, linasema mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku moja, pamoja na usingizi wa mchana. Wa mwaka 1 na 2 anahitaji saa 11 mpaka 14. Toa saa hizo mu siku, toa saa za kula, za kuoga na za kuvaa: zinabaki saa chache sana ambazo mtoto yuko macho, ameshiba na ana furaha. Kazi yako ni kuweka kitu kimoja kizuri ndani ya saa hizo, na kuacha zinazobaki wazi. Tena usihesabu ule wakati wazi kama wakati uliopotea. Njo pale mtoto anakujia mwenyewe na kuanza kukueleza habari zake.

Chagua wakati vizuri

Kwetu huku Katanga mvua ni tangu Novemba mpaka Machi. Kiangazi ni tangu Mei mpaka Septemba, na vakansi kubwa za shule, Julai na Agosti, zinaanguka katikati yake. Ni wakati mzuri: hakuna matope, mtoto anaweza kucheza inje. Lakini Lubumbashi iko juu, karibu metre 1,200, na mu Juni na Julai usiku kuko baridi ya kweli. Beba pulover na soksi, hata kama mchana jua linawaka. Kiangazi kinaleta vumbi pia. Mwenye mtoto wa asma asisahau dawa yake.

Tarehe 1 Agosti kwetu ni siku ya Wazazi, na hakuna kazi. Asubuhi watu wanaenda kusafisha makaburi ya wazazi wao, kisha midi wanakaa na wazazi walio hai. Ikiwa kalenda ya kazi inakuruhusu, panga mapumziko karibu na tarehe hiyo. Na wewe ni mzazi.

Njia ni sehemu ya mapumziko

Tangu Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300, kwa kupitia Fungurume na Likasi. Usihesabu safari hiyo kwa kilometre, hesabu kwa malori. Yanabeba shaba, yanabeba kobalti, mengine yanabeba asidi, na siku fulani yanapangana mstari mrefu ku peaje. Kwa hiyo:

– Toka asubuhi mapema, watoto wangali na usingizi. Usisafiri usiku na watoto.
– Watoto wanakaa nyuma. Usimpakate mtoto ku kiti cha mbele, hata akilia.
– Simama Likasi, si dakika tano, hapana. Acha wakimbie, wakojoe, wale kitu. Likasi iko kama kilometre 120 mbele ya Lubumbashi, ni mahali pazuri pa kukata safari.
– Siku ya kufika haina programu. Kufika, kuoga, kula, kulala. Ile njo kitu kimoja cha siku ile.

Kama unasafiri na basi, uliza mbele inatoka saa ngapi kweli, kisha nunua nafasi ya mtoto pia. Kupakata mtoto wa miaka mitano kwa kilometre 300 ili kuchunga falanga kidogo, utalipa kwa mgongo wako.

Mahali pa kulala: karibu kuliko uzuri

Tukisikia hoteli, tunauliza bei na picha. Mwenye watoto aulize maneno mengine: Kuko maji ya bomba ao ya ndoo? Umeme ukikatika kuko groupe? Kuko chandarua? Kuko kiwanja kidogo chenye geti, mtoto akicheza asitokee barabarani? Wanaruhusu kupasha uji wa mtoto? Nyumba ya wageni ya masista ao ya mapadri mara nyingi inashinda hoteli kubwa kwa maulizo haya: kuko kimya, kuko miti, na bei ni ya mshahara wetu.

Lakini swali la kwanza ni umbali. Lala karibu na kile kitu umechagua kuonyesha watoto. Ukilala mbali, kila kutoka ni taksi na ambutiyaji, na usingizi wa mchana unapotea. Taksi-moto na watoto wawili mbele na nyuma, tuache. Tumezoea kuiona, lakini kuizoea hakuondoi hatari.

Siku ya kwanza: zoo

Lubumbashi ina zoo ndani ya mji. Kwa watoto wadogo, ile peke yake inatosha asubuhi nzima. Nenda mapema, mbele jua halijawa kali. Usijaribu kuona wanyama wote. Mtoto akisimama mbele ya kobe nusu saa, simama naye. Sisi wakubwa tunavuta mkono: «Twende tukaone simba!» Simba amelala, na mtoto alikuwa anafurahia kobe wake.

Kwa yule mwenye kuanza kuuliza «juu ya nini?», kuko habari ya kumweleza. Mu mji huu kuko J.A.C.K., kimbilio lililoanzishwa 2006 kwa ajili ya sokwe wadogo walionyang'anywa mikononi mwa watu wenye kuwauza. Mwambie kwa maneno mafupi: kuko watu wanaua mama ya sokwe ili kuuza mtoto, na kuko watu wengine wanalea wale yatima. Mtoto wa miaka mitano anasikia vizuri sana. Wa kwangu aliuliza: «Papa, na mama yake njo iko wapi?» Nilimjibu ukweli, kisha tulikaa kimya kidogo. Mazungumzo kama yale simu haiwezi kuyabeba.

Kisha midi, kula na kulala. Mangaribi, hakuna kitu. Mpira mu kiwanja, hadithi, bukari na samaki.

Siku ya pili: makumbusho, lakini kitu kimoja tu

Makumbusho ya taifa ya Lubumbashi yalianzishwa 1946. Kuyapitia yote na mtoto mdogo haiwezekani, na haifai. Chagua kitu kimoja mbele ya kuingia. Mimi ninashauri misalaba midogo ya shaba, ile tunaita kruazeti. Mbele ya wakoloni kufika, mababu wa Katanga walikuwa wanayeyusha shaba wenyewe na kutumia misalaba ile kama falanga. Mu makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa historia waliikuta ndani, pamoja na vyungu.

Mweleze mtoto: «Hii ilikuwa makuta ya babu.» Kisha mpe karatasi na bik achore msalaba. Dakika thelathini zinatosha, mnatoka. Kwa mtoto ambaye papa yake anachimba shaba ileile, somo hili linafungua maulizo mengi: papa anafanya nini kule kambini, na mawe yale yanaenda wapi?

Kama nguvu zinabaki, na wewe ulisoma UNILU, pitia Kasapa. Onyesha mtoto mti ulikuwa unasomea chini yake. Mutoto akikuta pale papa ama mama alisomea, shule inaacha kuwa neno tu. Lakini kama amechoka, acha. Kasapa haitakimbia.

Familia ya Lubumbashi

Hapa njo mapumziko mengi yanakufia. Ukifika Lubumbashi na tantini akisikia kwamba ulikuja bila kumsalimia, ni kesi. Ukienda kusalimia wote, siku mbili zimekwisha mu makochi ya watu, watoto wanaambiwa «kaa vizuri».

Usijifiche. Heshima inapangwa. Piga simu wiki moja mbele, mwambie mkubwa wa familia: «Tantini, tunakuja na watoto kupumzika siku mbili. Tunaomba utukute ku zoo siku ya posho asubuhi, tukae pamoja.» Yeye anaona watoto wakiwa na furaha, watoto wanamwona bibi yao mahali pazuri, na wewe hujakosa adabu. Wengine wote, waambie yeye mwenyewe atawafikishia salamu. Mu familia zetu, mkubwa mmoja akiridhika, anakutetea kwa wengine.

Falanga, karatasi na afya

Gawanya bajeti mu mafungu manne: njia, kulala, chakula, na dharura. Lile la dharura usiliguse. Likibaki, ni mwanzo wa safari ya kesho. Beba franka ndogondogo kwa maji, kuingia mahali na taksi, juu dolari kubwa itakutesa kupata chenji. Chakula cha mchana kinaweza kutoka nyumbani: mayai, mkate, ndizi, karanga. Michopo kula mara moja, kwa furaha.

Karatasi: kadi ya uchaguzi ya wazazi, hati ya kuzaliwa ya watoto, kadi za chanjo. Kama mzazi mmoja anasafiri peke yake na watoto, abebe barua ya mwenzake yenye kuonyesha amekubali.

Afya: chandarua, maji ya kuchemsha, sabuni, kipima-joto. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, na uendelee kumlisha. Akipata homa, usikisie: mpeleke mu kituo cha afya wapime malaria siku ileile.

Na simu?

Simu ya kazi, ile ninasema kwa uzoefu wa sisi wote, njo mwizi mkubwa. Mbele ya kuondoka, andika mesaje kwa timu: niko inje mpaka siku fulani, kwa dharura itieni fulani. Fungua simu mara moja asubuhi na mara moja mangaribi. Picha piga, lakini kumi, si mia.

Ndugu msomi, tunapenda kusema tunatafuta falanga juu ya watoto, na ni kweli. Lakini mtoto wa miaka miwili na nusu hajui mshahara. Anajua nani alimbeba akichoka, na nani alisimama naye mbele ya kobe. Umri ule unapita upesi kuliko mkataba wowote wa kazi.

Basi leo, mbele ya kulala, fanya mambo matatu. Kaa na mwenzako, chagueni tarehe. Chagueni mji wa karibu, si lazima Lubumbashi: mwenye kuwa Lubumbashi anaweza kwenda Likasi. Kisha andikeni kitu kimoja kwa kila siku, kimoja tu. Mkiona karatasi inabaki nyeupe sana, msiogope. Watoto wataijaza.