Mapezi ya Ubao wa Mawimbini

Chini ya ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, upande wa tezi, huwa kuna pezi moja au zaidi. Pezi huuzuia ubao usiende kombo, na humwezesha mpanda mawimbi kukata kona kwa kasi bila kwenda mrama. Hata hivyo, mchezo huu ulidumu karne nyingi bila pezi. Wenyeji wa Hawaii, waliouita he‘e nalu, walichonga mbao za miti kama koa na wiliwili. Machifu walipanda olo, ubao mrefu na mzito. Watu wa kawaida walipanda alaia, mfupi na mwembamba. Ubao uliongozwa kwa uzito wa mwili, na hata mwanzoni mwa karne ya 20 wengi waliugeuza kwa kuburuza mguu majini.

Mwaka 1935, huko Waikiki, Mmarekani Tom Blake alichukua mkuku wa boti ya mwendo kasi iliyotupwa, akaufunga chini ya ubao wake. Ubao ukashika njia. Katika miaka ya 1960 George Greenough wa California aliutazama mkia wa samaki jodari, akabuni pezi jembamba, lililopinda nyuma na lenye kunyumbuka. Nat Young wa Australia alitumia pezi la aina hiyo alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1966 mjini San Diego.

Pezi moja hutulia, lakini ni zito kugeuza. Mark Richards, Mwaustralia pia, aliendeleza ubao wa mapezi mawili, mwepesi wa kugeuka hata kwenye mawimbi madogo, akawa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Kasoro ya ubao huo ni kwamba katika mawimbi makubwa huponyoka. Mwenzake Richards, Simon Anderson, mtu wa miraba minne, hakuweza kuumudu. Mwishoni mwa 1980 aliongeza pezi la tatu katikati, nyuma ya yale mawili, akauita ubao huo “thruster”. Mwaka 1981 alishinda mashindano ya Bells Beach katika mawimbi makubwa mno, na wachezaji wengi wakamfuata. Hakuusajili uvumbuzi wake, hivyo kila fundi alikuwa huru kuuiga.

Pezi hufanya kazi kama bawa. Ubao unapolala ubavuni, maji hulipiga pezi kwa mshazari. Mgandamizo huzidi upande mmoja na kupungua upande wa pili, na tofauti hiyo huishikilia tezi ndani ya wimbi. Mapezi ya pembeni huwa bapa upande wa ndani na yamebenuka upande wa nje, na huelekezwa kidogo katikati ya omo, ili yaongeze msukumo.

Tangu miaka ya 1990, mapezi ya kufunga na kufungua yameenea, na mchezaji huchagua kulingana na uzito wake na hali ya bahari. Pezi kubwa hushika zaidi. Dogo huachia upesi. Lililopinda sana nyuma hufaa kona ndefu, na lililosimama wima hufaa kona za ghafla. Anayejifunza hufaidika zaidi na ubao mrefu wenye mapezi laini ya plastiki, yasiyokata ngozi anapoanguka.