Mtoto mnene anapokoroma, msikilize

Mzazi, mwanao mnene akikoroma usiku, usiseme amelala fofofo. Keti kando ya kitanda umsikilize. Je, mkoromo unakatika ghafla, kifua kinahangaika bila hewa kuingia, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu? Hapo pumzi inakatika usingizini.

Mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa. Ya tumboni nayo husukuma juu msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua, hivyo akilala chali mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Asubuhi kichwa kinamuuma, darasani anasinzia, na wengine hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Anagombezwa kwa uvivu, kumbe hajalala!

Mpeleke hospitali, akaguliwe na tonseli pia, maana kwa watoto zikivimba nazo huziba njia. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini, umwonyeshe daktari.

Na akihema kwa kupanda ngazi tu, usikimbilie kumnunulia dawa ya pumu. Huenda ni uzito, huenda ni pumu kweli, huenda ni vyote viwili. Kipimo cha kupuliza kwenye mashine husaidia kutofautisha. Soda mpunguzie leo, lakini chakula usimnyime, bado anakua.