Modemu Inavyoipima Laini ya Simu
Nilipokuwa fundi wa kompyuta, wateja wengi walichukia ule mlio wa modemu. Mimi niliupenda, maana ndani yake laini ilikuwa inapimwa. Modemu za V.34, kiwango cha mwaka 1994, zilitumiana sauti za masafa ya kuanzia hezi 150 hadi 3,750, na kila moja ikasikiliza zipi zimefika dhaifu, zipi zimezama kwenye kelele. Hapo ndipo mwendo ulipochaguliwa: laini safi ilipewa biti 28,800 kwa sekunde, yenye maungio mabovu ikapewa pungufu. Modemu ilitega sikio hata kabla ya kupiga namba. Isiposikia mlio wa laini, iliandika NO DIALTONE. Nikiona hivyo sikugusa kompyuta kwanza. Nilianzia ukutani, kwenye soketi ya simu.